Naomba ushauri: niache kazi serikalini niende hospitali binafsi?
Habarini wakuu. Mimi ni muuguzi, mwaka wa sita sasa niko zahanati ya kijijini. Tulikuwa wanne, tumebaki wawili, mimi na tabibu. Akienda semina, mimi ndiye daktari, mkunga, mfamasia na mfungua geti. Juzi usiku nimezalisha huku tochi ya simu nimeing'ata mdomoni, maana betri ya sola ilikufa tangu masika. Asubuhi akina mama wa kliniki wakanikuta bado nafua mashuka ya damu. Posho ya kuitwa usiku tunaisikia vikaoni tu.

Uhamisho nimeomba mara mbili, naambiwa nitafute wa kubadilishana naye. Nani aje huku jamani?

Sasa hospitali binafsi mjini imeniita. Mshahara umezidi kidogo, ila mkataba ni wa mwaka mmoja, na michango itaenda NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi. Huku PSSSF, mfuko wetu watumishi wa umma, pensheni inataka miezi 180 ya kuchangia, mimi sijafika hata nusu.

Mliowahi kuondoka, mliomba kwanza likizo bila malipo au mliandika barua ya kuacha kazi moja kwa moja? Na michango yenu ya nyuma ilikuwaje?