Mama lishe wahamie tibegi au waendelee na majani?

Mkazi wa Tabata: Wakuu tuliongee hili maana linanikera kila asubuhi. Pale ninapokunywa chai kabla ya kazi mama ana birika kubwa, majani anatia alfajiri, yakipauka anaongeza maji na kutupia kijiko kingine juu ya yale yale, mpaka saa nne asubuhi bado yamo humo humo. Chai inakuwa nyeusi tii na inakaza ulimi, ndo hiyo tanini inayotoka majani yakichemshwa mno. Mi nasema mama lishe wote wa mjini wahamie tibegi. Unaletewa maji ya moto na kifuko chako kipya, unaona unachokunywa, rangi ikikutosha unatoa. Anayepinga aseme kwa nini.

Bint Chumbageni: Napinga tena sana. Chai inachemshwa na tangawizi, hiliki, mdalasini, viungo viive pamoja na majani. Tangawizi utaichovya na kamba? Hayo ya kikombeni ni maji yametiwa rangi. Na niseme ukweli wangu, mwanamke anayemkaribisha mgeni kwa tibegi hajafundwa.

Mama Wawili Mbagala: Hajafundwa nani?? Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi ni usiku, watoto wameshalala. Mgeni akija namchemshia maziwa, natupia tibegi tatu na tangawizi niliyoponda, vifuko natoa kwa kijiko, wala chujio sihitaji. Mgeni ananywa, anaomba kingine. Sasa we unayekaa nyumbani kuchekecha majani unakuja kunipima mimi malezi yangu kwa kifuko cha chai?

Mnyalu wa Mafinga: Jamani mnagombania kitu kimoja. Nimezaliwa Mufindi, chai naijua toka shambani. Majani mengi ya pakiti hapa Dar yametoka kwenye mashine za CTC, yani jani linapondwa, linachanwa, linaviringishwa linakuwa punje, ndo maana hamuoni jani lenye umbo la jani. Zikishakauka zinachekechwa kwa ukubwa, BP1 ndo punje kubwa, inafuata PF1, alafu PD na D1 ambayo ni vumbi. Kwenye tibegi wanajaza punje ndogo sababu inatakiwa itoe rangi haraka. Majani yanayoviringishwa bila kusagwa mtayapata maduka machache sana. Kwahiyo huyo wa majani na huyo wa tibegi wote wanakunywa kichaka kile kile.

Kijana wa Kijitonyama: Umesema mwenyewe vumbi! Kumbe tibegi ni mafagio ya kiwandani wanatufungia na kamba.

Mnyalu wa Mafinga: Vumbi ni SAIZI ya punje we kijana, sio uchafu wa sakafuni! D1 ni daraja, linauzwa mnadani na lina wanunuzi wake. Mama yangu kachuma chai na kikapu mgongoni, majani mawili na kichipukizi chake, kwenye baridi la Mufindi ambalo we hulijui, alafu mtu amekaa Kijitonyama anaita mafagio. Heshimu jasho la watu.

Bint Chumbageni: Na nyie wa Mufindi msijifanye chai ni yenu. Hapa nchini Wajerumani chai waliijaribu kwetu Amani, Usambara, nyie mashamba makubwa yamekuja baadae.

Mnyalu wa Mafinga: Na Rungwe je? Nako ilikuwepo enzi hizo hizo za Mjerumani. Alafu hatujaongelea nani wa kwanza.

Mjomba Kigamboni: Mnaacha hoja ya maana, afya. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada 2019 walitia vifuko vya chai kwenye maji ya nyuzi 95, kifuko kimoja kikatoa vipande vya plastiki mabilioni, visivyoonekana kwa macho. Mwaka huo huo sisi tarehe 1 Juni tumepiga marufuku mifuko ya plastiki madukani, alafu tuikaribishe kwenye kikombe?

Mama Wawili Mbagala: Mjomba, walipima vile vya nailoni na plastiki vinavyong'aa. Vyangu ni vya karatasi.

Mjomba Kigamboni: Hata baadhi ya hivyo vya karatasi vinazibwa pembeni kwa plastiki kidogo ili vishikane vikibanwa kwa joto kiwandani. Soma boksi lako.

Mama Wawili Mbagala: Nitasoma. Ila yule wa hajafundwa bado hajanijibu.

Bint Chumbageni: Sijamtaja mtu. Bibi yangu alinifundisha mgeni anachemshiwa, harufu ya hiliki imfikie barazani kabla ya kikombe. Hiyo ndo heshima, sio kumpa mtu kamba ajihudumie kama yuko hotelini.

Baba Tunu Magomeni: Dada mbona heshima ya mgeni umeiweka kwa mwanamke tu? Kwangu chai napika mimi, majani, maziwa, kila kitu, mke wangu anaamka anakuta chupa imejaa. Na mi nimefundwa na nani?

Kijana wa Kijitonyama: Mzee baba umekaliwa.

Baba Tunu Magomeni: Nimekaliwa kwa kumpikia mama wa watoto wangu? Akili hizo ndo zinafanya vijana mnakunywa soda asubuhi kwa kukosa wa kuwachemshia maji.

Mkazi wa Tabata: Wakuu turudi kwa mama lishe tafadhali.

Mama Chapati Tandale: Haya mimi ni mama lishe, nimesoma yote nimekaa kimya. Kwanza sio wote tunarudishia majani, mi birika namwaga na kuosha. Pili, kikombe mnanunua 300. Tibegi moja ina gramu kama mbili na inatoka na mteja mmoja, kijiko cha majani nawanywesha watu wengi. Nikileta tibegi kikombe kinapanda, mtalipa? Na mteja mwenyewe nikimpa tibegi ataificha kwenye sahani, dakika kumi ataita mama ongeza maji ya moto, mara mbili mara tatu, kwa bei ile ile. Maji yanachemka kwa mkaa, na mkaa nanunua.

Kijana wa Kijitonyama: Kwani maji ya kuongeza nayo yanalipiwa?

Mama Chapati Tandale: Njoo ununue gunia la mkaa, tutaongea.

Baba Tunu Magomeni: Mama ana haki. Maji ya kuongeza yawe na bei.

Mkazi wa Tabata: Hapana hapo siwezi kukubali, maji ya moto toka enzi na enzi hayalipiwi mjini hapa.

Mama Chapati Tandale: Kesho njoo na chupa yako kutoka Tabata.