Macho laini, hereni kali: naombeni msaada wa fokasi kabla ya nikahi ya Jumamosi

binti_pangani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Natumia Canon 70D. Wiki tatu zilizopita nilinunua lenzi ya mtumba, 50mm f/1.8 STM, maana ile niliyoanza nayo ilikuwa inanishinda kumbini usiku. Jumamosi nikapiga sendofu. Kwenye skrini ndogo ya kamera kila kitu kilionekana sawa. Kufungua kwenye kompyuta, nikaishiwa nguvu: karibu nusu ya picha za karibu, macho ya bibi harusi mtarajiwa ni laini, lakini hereni na nywele za nyuma ya sikio unaweza kuzihesabu. Ni mtoto wa jirani yetu, na mama yake ananiulizia picha kila asubuhi. Jumamosi hii nina nikahi. Lenzi ni mbovu, niirudishe? Au ni kamera?

Mzee_wa_Studio
Marahaba binti, pole sana. Kwa kuwa hereni zimetoka kali, mkono wako haukutikisika. Ungetikisika, picha nzima ingekuwa laini. Sasa nijibu: ulipiga f ngapi, yaani tundu la lenzi lilikuwa wazi kiasi gani? Fokasi iko One Shot au AI Servo? Na ukibonyeza kitufe nusu, unasikia ule mlio?

binti_pangani
f/1.8 muda wote kwa sababu ya giza. Mlio sikuusikia, ila muziki ulikuwa juu. Nimeangalia sasa hivi, imeandikwa AI Servo. Huwa naweka kidoti cha fokasi cha katikati kwenye jicho, nabonyeza nusu, kisha nasogeza kamera kidogo ili apate nafasi upande mmoja, ndipo napiga.

Mzee_wa_Studio
Basi tatizo la kwanza ni hilo. AI Servo ni ya kitu kinachotembea: mpira, mtoto anayekimbia. Haifungi fokasi, inaendelea kutafuta hadi unapopiga, ndiyo maana hailii. Ukisogeza kamera, kidoti kinatoka jichoni kinaangukia nywele, na fokasi inahamia huko. Weka One Shot, hiyo hufunga fokasi ikishapata. Tena acha kutegemea kidoti cha katikati peke yake. Kamera yako ina vidoti 19, chagua kilicho karibu na jicho ili usihitaji kusogeza. Kwa lenzi hiyo kwenye f/1.8, mtu akiwa mita moja, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 3 hivi tu. Akiwa mita mbili ni kama 11. Ukiyumba mbele kidogo tu, jicho limeshatoka.

kaka_lenzi
Mimi nashuku lenzi, ya mtumba hiyo. Itoe, sugua vile vidoti vya dhahabu vinavyogusana na kamera kwa raba ya penseli.

Fundi_Chumbageni
Ndugu yangu, raba hapana! Chembe zake zikiingia ndani ya kamera ni kazi nyingine. Kitambaa kisichotoa nyuzi, tone la spiriti kwenye kitambaa, siyo kwenye lenzi. Halafu uchafu wa pale kwa kawaida hufanya fokasi ikwame au kamera itoe onyo. Hauichagui hereni kila mara.

Dada, usirudishe kitu bado. Panga betri tano za rimoti mezani, kila moja nyuma ya mwenzake kwa sentimita 2 na kando kidogo zisizibane. Kamera kwenye stendi, mita moja, mchana karibu na dirisha, f/1.8, One Shot, kidoti cha katikati juu ya betri ya tatu. Piga 10 ukichungulia kwenye kitundu cha juu cha kamera. Kabla ya kila picha ziba lenzi kwa kiganja na bonyeza nusu ili fokasi ipotee, kisha ondoa mkono na upige. Halafu piga 10 nyingine kwa kutumia skrini.

Hizo ni njia mbili tofauti. Ukichungulia, mwanga unapita kwenye kioo kikubwa, unapigwa na kioo kidogo kilicho nyuma yake, unashushwa kwenye sensa ya fokasi iliyo chini. Njia hiyo ikitofautiana na sensa ya picha hata kwa unywele, fokasi inakosea. Ukitumia skrini vioo vimepanda, sensa ya picha yenyewe ndiyo inayopima. Kwa hiyo kitundu kikikosea upande uleule na skrini ikapatia, hapo ni kurekebisha tu. Vyote vikikosea, rudisha lenzi.

mama_picha
Niongeze la ukumbini. Usilenge shavu lililopakwa poda, fokasi haina mstari wa kushika pale. Lenga ukingo wa kope, au pale ushungi unapokutana na paji la uso. Na kama una flashi ya juu yenye taa nyekundu ya kusaidia fokasi, ifunge kwenye kamera hata kama hutaki flashi yenyewe iwake.

binti_pangani
Nimefanya. Skrini: zote 10 betri ya tatu. Kitundu: 9 kati ya 10 zimeangukia betri ya nne!

Fundi_Chumbageni
Safi sana, lenzi yako ni nzima. Nenda Custom Functions kwenye menyu, tafuta AF Microadjustment (marekebisho madogo ya fokasi), chagua Adjust by lens ili usiharibu lenzi zako nyingine. Hasi huvuta fokasi ije kwako, chanya huisukuma mbali. Anza na -5, rudia zile picha 10, ongeza taratibu. Mwisho hakikisha kwa umbali unaopigia watu, kama mita mbili na nusu.

binti_pangani
Imekaa kwenye -7. Nimempiga mdogo wangu barazani picha 30, One Shot, kidoti cha jichoni, f/2.8: 27 zina kope kali kabisa. Wakubwa, nimelia kwa furaha. Za sendofu nimechagua zilizo safi na kumpelekea mama leo, nikamweleza ukweli kuhusu zilizobaki, na nimeahidi kumpiga binti yake upya bila malipo kabla ya harusi. Amekubali. Ijumaa jioni mwenye ukumbi ananiruhusu niingie taa zikiwashwa, nikajaribu ule ukingo wa ushungi.

mama_picha
Nenda na mdogo wako, mvike ushungi mweupe. Mweupe ndio unaosumbua zaidi kwenye mwanga wa taa.