Vidudu na nyuzi za kijani bwawani Mafinga: kipi chakula, kipi adui?

mkulima_wa_bondeni:
Kamwene wakuu. Bwawa lina mita 20 kwa 15, limejaa maji wiki ya tatu, vifaranga vya sato bado. Naona vidudu vinavyoogelea chali, vingine vya kahawia vya miguu sita vinatambaa topeni, minyoo myekundu, konokono, na nyuzi za kijani kama nywele. Kupanga kwa faila (makundi makuu ya viumbe) kama tulivyofundishwa darasani hakuniambii nitoe kipi. Ninyi mnapangaje?

tope_na_maji:
Faila ina kazi yake, ila bwawani uliza kwanza: kinakaa wapi, kinakula nini, kinapumua vipi?

Wale wa chali hupanda juu kuchukua hewa, na huua vifaranga wadogo. Kwa mita za mraba 300, yeyusha nusu kilo ya sabuni ya mche kwenye maji ya moto, koroga na kilo 1.7 za mafuta ya kula, mwaga juu ya maji asubuhi kabla ya upepo. Upepo ukipasua utando, umepoteza mafuta. Vifaranga waingie baada ya saa 24.

Wa kahawia ni watoto wa kereng'ende. Matamvua yao yako ndani ya utumbo wa nyuma, kwa hiyo mafuta hayawasumbui. Hao dawa yao ni kukausha bwawa.

Minyoo myekundu iache. Ni mabuu ya usubi usiouma. Wekundu ni himoglobini, inawawezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Samaki watawala.

Kyela_Tukuyu:
Mkuu, kama anakausha, mafuta ya nini tena? Bwawa halina samaki: toa maji yote, acha tope lipasuke nyufa, funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia. Ukijaza upya usikae wiki tatu, maana kereng'ende hawasubiri mwenye bwawa. Weka vifaranga ndani ya wiki moja hivi, wa gramu 5 na kuendelea.

Konokono ni kesi nyingine. Baadhi hujifukia topeni na kungoja maji yarudi. Aliyejiviringa bapa kama kamba, au yule ambaye ukimshika ncha juu mdomo wake unaangalia kushoto kwako, anaweza kubeba kichocho, usiingie peku. Nyunyiza chokaa iliyochomwa na isiyozimwa, kilo 30 kwa eneo lako, tope likiwa bado bichi, kabla halijapasuka, na uvae glavu. Chokaa ya kilimo hupunguza tindikali tu, konokono haimuui.

tope_na_maji:
Sawa, mafuta yabaki kwa ambaye hawezi kutoa maji.

maji_baridi:
Nyuzi hizo hazijaguswa. Zikionekana, ujue mwanga unafika chini: maji ni meupe mno au kina ni kifupi. Zivute kwa reki, chimba ufike mita moja, kisha rutubisha ili planktoni (vimelea vidogo vya kijani vinavyoelea majini) ifunike mwanga. Zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikipotea karibu na sentimita 30, inatosha. Kikipotea kabla ya kufika 20, acha mbolea, la sivyo alfajiri samaki watahema juu.

Ila Mufindi mwezi wa 7 maji hugoma kuwa kijani kwa sababu ya baridi. Usiongeze samadi kwa hasira: hulala chini bila kuoza, joto likirudi huoza yote kwa pamoja na kumaliza oksijeni. Pima joto saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri. Chini ya nyuzi 20 sato hudumaa, na karibu na 16 huacha kula, hata planktoni ijae vipi.

mkulima_wa_bondeni:
Nafungua maji kesho. Ila bomba la kutolea liko sentimita 30 juu ya sakafu.

Kyela_Tukuyu:
Basi mabaki yavute kwa mpira kuelekea bondeni, au ndoo. Dimbwi lolote litakalobaki ndimo watakamojificha.