Tupeane uzoefu: abiria wa Kisumu ahudumiwe vipi, kuanzia kaunta hadi ngazi ya ndege

Kaunta ya Kwanza (mwanzisha uzi)

Wadau, uzi huu ni wa sisi tunaoshika abiria mkononi pale uwanja wa ndege wa Kisumu: wa kaunta, wa viti vya magurudumu, wa mizigo na wa teksi. Visa vya nani alimkosea nani tuviache kando. Mtu aandike kazi inavyofanywa na inapoharibikia.

Naanza na saa, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Tiketi imeandikwa 06:30. Mama wa Luanda ukimwambia "saa kumi na mbili na nusu" ameelewa. Mwanawe aliyemnunulia tiketi kwa simu amesikia 12:30 mchana. Basi usitaje saa peke yake, ifunge na kitu: "saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza." Hatari zaidi ni ile 00:15 ya wanaounganisha ndege Nairobi. Tiketi ikisema Jumanne 00:15, abiria anafika Jumanne usiku, na ndege iliondoka usiku uliotangulia. Sema "usiku wa kuamkia Jumanne, uwe JKIA (uwanja mkuu wa Nairobi) Jumatatu jioni." Kiswahili kilishalitatua hilo zamani, ni sisi tunaosoma tarehe kama roboti.

Na kabla hujampa pasi ya kupandia, angalia herufi tatu za kituo. NBO ni JKIA, WIL ni Wilson. Anayetua Wilson na ndege yake ya ng'ambo iko JKIA lazima akate mji kwa gari na mizigo yake yote, tena kwenye msongamano wa Nairobi. Ajue hapa Kisumu, asije akajulia kule.

Msukuma Kiti

Ombi la kiti cha magurudumu likiandikwa vibaya, kila kinachofuata huenda kombo. Kuna aina tatu, kila moja na herufi zake kwenye ombi. WCHR anapanda ngazi mwenyewe, umbali tu ndio unaomshinda. WCHS ngazi hawezi, ila akishaingia ndani atajikongoja hadi kitini. WCHC hawezi hata hilo, ni wa kubebwa hadi kitini. Familia husema tu "mama anahitaji kiti", basi anaandikwa WCHR, na siku ya safari mnaangaliana chini ya ngazi.

Usiulize kama anapanda ngazi. Nyumba nyingi za huku hazina ghorofa, atajibu ndiyo kwa heshima. Uliza: "Matatu anapanda mwenyewe?" Kibao cha matatu kiko juu, kwa hivyo jibu lake litakuambia kila kitu. Ombi lenyewe liingie angalau saa 48 kabla ya safari.

Kisumu abiria huvuka uwanda (pale ndege zinapoegeshwa) kwa miguu hadi ndegeni. Dash 8-400 ina ngazi fupi iliyo kwenye mlango wenyewe, hiyo ni afadhali. Embraer 190 iko juu zaidi, kwa hiyo WCHS wa Embraer apangiwe watu au mtambo wa kuinulia mapema.

Kumhamisha: funga breki zote mbili, inua vibao vya miguu (vidole vingi huumia hapo), kisha uliza, "Dani (nyanya kwa Dholuo), nikushike wapi?" Muulize yeye, si binti yake aliyesimama nyuma. Mtu mwenye nguvu hukaa nyuma, apitishe mikono chini ya makwapa na ashike mikono ya abiria iliyokunjwa kifuani. Kumvuta kwa makwapa tu huumiza mabega ya mzee. Wa pili hushika mapaja juu ya magoti. Mmoja ndiye anayehesabu, na mnainua pamoja. Kwenye mteremko kiti kishuke kinyumenyume. Huyu hupanda wa kwanza na kushuka wa mwisho, na aambiwe hivyo kabla, la sivyo atadhani mmemsahau ndani.

Teksi ya Otonglo

Fupi tu. Anayetoka Busia, Maseno au Bondo haingii mjini, anapita Kisian, Otonglo, amefika. Wa Kakamega ndiye wa kuogopewa: Mamboleo na Kondele jioni humeza muda. Mhesabie hiyo foleni unapompa saa ya kuondoka, si kilomita peke yake.

Mizani

Kisumu bila samaki si safari, kwa hiyo tuongee samaki.

Barafu ya kawaida ndiyo adui. Mchana hapa joto hukaribia nyuzi 30, na mkokoteni wa mizigo hungoja juani. Barafu ikiyeyuka, maji yananukia samaki kwenye begi la mtu mwingine, na boksi lililoanza kuvuja halipakiwi. Samaki atolewe matumbo, aoshwe, akaushwe maji, halafu agandishwe saa 24 nzima hadi awe mgumu kama kuni. Huyo ni barafu yake mwenyewe. Mzungushie magazeti matabaka matatu au manne, umtie kwenye boksi la povu, mfuniko ufungwe kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kisha boksi hilo liingie ndani ya katoni ngumu. Povu peke yake huvunjika kona.

Barafu kavu (hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa) inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini ya shirika, na boksi lisizibwe kabisa, kwa sababu ile hewa hupanuka na lazima ipate pa kutokea.

Omena wakavu hawavuji, ila harufu yao haijui mipaka. Mfuko ndani ya mfuko.

Zamu ya Jioni

Kuchelewa. Radi za ziwani hupenda alasiri na jioni, na ndege inayotoka Nairobi inaweza kuzunguka angani, kugeuzwa Eldoret au kurudi ilikotoka. Abiria akikuona umenyamaza anajitungia habari zake.

Tangazo liwe na mambo matatu: ndege iko wapi, sababu ni nini, na utasema tena saa ngapi. Kama hivi: "Ndege ya saa moja na nusu usiku haijatoka Nairobi. Kuna mvua ya radi Kisumu. Nitawaambia tena saa mbili kamili." Saa mbili ikifika unasimama hata kama huna jipya. Neno "hivi punde" lifutwe. Tangazo litolewe kwa Kiingereza na Kiswahili, na kwa Dholuo ukiona wazee wamo. Kisha tembea hadi kwa asiyesikia umwandikie kwenye karatasi.

Mizani

Naongeza kwa Zamu ya Jioni: radi ikiwa karibu, wapakuzi huondolewa uwandani. Ndege imetua, watu wako ukumbini, mabegi hayaji, kelele zinaanza. Waambiwe sababu ni hiyo.

Kaunta ya Kwanza

Na begi lisipokuja kabisa, abiria asitoke ukumbini kabla ya kujaza ripoti. Namba ya lebo ina tarakimu 10, na tatu zinazofuata ile ya kwanza zinaonyesha shirika (706 ni Kenya Airways). Kwa safari ya kimataifa, malalamiko ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7, la lililochelewa ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa. Mwambie apige picha begi kabla ya safari, likiwa wazi na likiwa limefungwa. "Begi jeusi lenye magurudumu" yako mia.

Ile betri ya akiba ya simu iende mkononi, kamwe isiingie kwenye begi la chini: ikishika moto kule hakuna wa kuizima. Kikomo cha bila idhini ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Zidisha mAh zilizoandikwa kwenye betri kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Iliyofutika maandishi inaweza kukataliwa hata ikiwa ndogo.

Msukuma Kiti

Mizani, umesahau moja. Jina kwenye boksi la samaki lisiandikwe kwa wino wa maji. Katoni ikitoka baridi hutoa jasho, na ikifika Nairobi mabaki ni doa la bluu.