Mjadala: Mfumo ukilipiwa na kodi zetu, msimbo wake utolewe vipi?

Wadau, swali lililo mezani ni hili: mifumo ya kompyuta inayonunuliwa na serikali kuu na kaunti, Nairobi ikiwemo, msimbo wake chanzo (maandishi ya programu kama watunzi walivyoyaandika) uwekwe wazi kwa wananchi au ubaki kwa mkandarasi? Mchangiaji wa kwanza amesema kuuweka wazi ni kuwapa wezi ufunguo. Wa pili anataka uwekwe, ila kwake faili moja la zip kwenye tovuti latosha. Nawapinga wote wawili, na huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi kwa kuwa anaonekana yuko upande wetu.

Kuna zahanati moja huku Eastlands iliyokuwa na programu ya kusajili wagonjwa. Mkandarasi alikabidhi programu iliyokwisha kuundwa, bila msimbo, akalipwa, mkataba ukaisha. Seva ilipopandishwa hadi Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa Linux, programu iligoma kuwaka, ikilalamika kuwa haiioni libssl.so.1.1, faili la OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano. Toleo hilo la Ubuntu lilikuja na OpenSSL 3 na kuiacha ile ya zamani. Mwenye msimbo angeikompaili upya (kuugeuza msimbo kuwa programu inayowaka), pengine arekebishe mistari michache, na kazi iendelee. Zahanati haikuwa na cha kukompaili. Wagonjwa wakarudi kuandikwa daftarini.

Sasa hiyo zip. Kwenye Debian, mfumo endeshi huria ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ukiandika apt-get source na jina la programu, kwa kawaida unapata msimbo kama ulivyotoka kwa watunzi wake, kisha faili la pili lenye folda iitwayo debian, na faili dogo la .dsc. Ndani ya folda hiyo, control inataja kila kinachohitajika kabla ya kuunda, na rules inaeleza hatua za kuunda. Hilo .dsc lina alama za SHA-256 (namba ndefu zinazokokotolewa kutoka kwenye faili) za mafaili mengine pamoja na saini ya aliyeyafunga, kwa hiyo likibadilishwa hata herufi moja njiani utajua. Zip ya tovutini haikwambii lolote kati ya hayo. Unaifungua unakuta msimbo usio na hata Makefile (faili la maagizo ya kuunda), hujui ni toleo gani, wala kama ndilo linaloendesha seva. Leseni ya programu huria ya GPL, toleo la 2 la 1991, ililiona hili mapema: inahesabu skripti za kuunda na kusakinisha kuwa sehemu ya msimbo kamili.

Kwa mwenzetu wa wezi na ufunguo: eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa Julai 2023, ilifurikishwa na maombi mengi kupita uwezo wake, na kwa shambulio la namna hiyo mtu hahitaji kuona msimbo. Nywila na data za wananchi hazifai kuwa ndani ya msimbo kabisa. Zikiwemo, tatizo lilikuwepo kabla ya kuuchapisha.

Najua mtanikumbusha kisa cha xz, programu huria ya kubana mafaili, na ni haki yenu. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwa mbali) kwenye mashine yake ya Debian kunachelewa takriban nusu sekunde. Akafuatilia hadi akafukua mlango wa siri katika xz 5.6.0 na 5.6.1. Kilichonishtua ni mahali ulipojificha. Mistari ya kuuamsha ilikuwa ndani ya faili la kuunda liitwalo build-to-host.m4 kwenye mafaili ya tar (vifurushi vya msimbo) yaliyotolewa rasmi, na haikuwepo kwenye hazina ya git, inakotunzwa historia ya mabadiliko ya msimbo. Aliyesoma git peke yake asingeiona. Ndiyo, mtego uliingia katika programu huria. Lakini Freund aliweza kuufuata hadi mstari wenyewe kwa kuwa kila kitu kilikuwa mbele yake, na kisa hicho hicho kinaonyesha kwa nini namna ya kufunga msimbo si jambo dogo.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mimi nausoma msimbo tulioulipia kuwa humo. Mkataba useme hivi: hakuna malipo ya mwisho kabla mkandarasi hajakabidhi faili la tar lenye saini, folda ya debian, na hazina ya git inayolingana nalo, na kabla mkaguzi asiye wake hajaunda kifurushi upya kwenye mashine safi.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, nakuuliza: msimbo ukibaki kwa mkandarasi, huyo mkaguzi atathibitishaje kwamba kinachoendesha seva ya kaunti ndicho alichoonyeshwa?