Naomba ushauri: neno "smart" nilitumie vipi?

Habari zenu ndugu zangu, mi niko hapa Jinja nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni, naombeni mnisaidie na hili neno la Kiingereza "smart" linanisumbua kweli. Sisi hapa Uganda tangu shule mtu akikwambia uko smart anamaanisha umevaa vizuri, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, basi. Sasa juzi kuna mgeni wa Marekani nilimpigia hesabu ya vyumba vitatu siku nne pamoja na boti ya kwenda chanzo cha Nile, nikapiga kwa kichwa tu bila kalkuleta, akasema "you are so smart", mi nikamshukuru nikamwambia hii gauni nimeshonewa na fundi wa sokoni, akabaki ananiangalia. Mwenzangu ndo akanieleza baadaye kwamba Wamarekani wakisema hivyo mara nyingi ni akili, Waingereza wao wanatumia kote kote, akili na mavazi. Iliniuma, nimesifiwa akili na sikujua.

Sasa naandika barua ya kuomba kazi hoteli moja Kampala, wageni wao wengi wanatoka nje. Nikiandika "I am smart" si wataona najisifu? Au bora niweke "neat" kwa usafi wa mavazi na hilo lingine niliache kabisa? Halafu wakisema uje "smart casual" ndo unavaa nini, suti lazima?

Wanaojua naomba mnijibu mapema, barua natuma Ijumaa.