Gumzo la majirani: Presha ya Bi Zuhura

Mama Asha: Habari za jioni majirani. Natoka kumwona Bi Zuhura. Presha ilifika 190 juu, 115 chini. Mdomo umepinda kidogo ila anaongea, tumshukuru Mungu.

Baba Juma: Pole zake jamani. Lakini si aliambiwa kitambo aanze dawa? Watu hatujali afya zetu.

Mama Asha: Usiseme hivyo Baba Juma. Kadi yake nimeishika mkononi. Ina tarehe nne za kliniki, zote Jumatatu asubuhi. Yeye kibarua, asipofika kazini halipwi. Akajikaza, akaenda mara mbili. Mara ya pili dawa zimeisha, rudi wiki ijayo.

Baba Juma: Hilo sikulijua. Naomba radhi.

Neema: Shikamooni wakubwa. Kazini nayaona haya kila siku. Daktari Julian Tudor Hart naye aliyaona, alitibu watu miaka mingi Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa huko Wales, Uingereza. Mwaka 1971 aliandika kwenye jarida la Lancet kuwa huduma nzuri huwa haba palepale inapohitajika zaidi.

Mzee Salehe: Marahaba mwanangu. Mwenye nacho huongezewa. Akaishia kuandika tu?

Neema: Hapana mzee. Alimpima presha kila mtu mzima pale kijijini, hata aliyekuja na kidole kilichokatika. Presha haiumi, unaweza kutembea nayo miaka hujui. Baadaye ilionekana vifo vya walio chini ya miaka 65 ni vichache kuliko kijiji cha jirani, na maisha yao yalifanana.

Mama Asha: Kila mtu mzima! Kwetu anapimwa anayefika, na anayefika ni mwenye nafasi.

Mzee Salehe: Mimi tangu nistaafu sijapimwa.

Neema: Kesho nakuja na mashine. Ukae dakika tano umetulia, mkono mezani, bila kuongea. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi tutarudia siku nyingine, kipimo kimoja hakitoshi.

Baba Juma: Na Jumapili jioni njoo kwangu, watu wakiwa wamerudi. Nitagonga milango ya nyumba za nyuma, wale hawamo humu kikundini.

Mama Asha: Hao ndio waanze. Ila kumpima mtu halafu dawa hakuna ni kumtia hofu tu.

Neema: Kweli kabisa. Tuiandikie kliniki barua, wote tutie saini. Tuombe zamu moja ya jioni, na dawa za miezi mitatu kwa mkupuo kwa ambaye presha imeshuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 wenyewe unasema mtu wa hivyo anaweza kuonwa kila miezi 3 hadi 6.

Mzee Salehe: Naiandika usiku huu. Bi Zuhura nimtaje?

Mama Asha: Ngoja nimuulize.

Mama Asha: Anasema mtaje. Na uandike kwamba alikwenda mara mbili.